Siku posa ilipokubaliwa, mdogo wangu alirudi kijiweni

Waliozoea kuja hapa kutazama mishono ya madera na vijora, leo mtanivumilia. Hakuna picha ya kitambaa hata moja. Nataka kuandika habari za mdogo wangu wa kiume na unga, yaani heroini, kwa sababu nimechoka kulijibu swali lile lile mlangoni pa fremu yangu hapa Ngamiani, kwa kila anayekuja kuchukua nguo: "Kwani yule si alishapona?"

Jina lake siliandiki. Mwenyewe ameridhia niandike.

Alishapona, ndiyo. Alikuwa ametoka soba haus, nyumba ya kuwasaidia watu kuacha unga, mwaka mzima na zaidi, mashavu yamerudi, anatengeneza baiskeli chini ya mwarobaini, na nyie wa Tanga mnajua kwamba fundi baiskeli katika mji huu halali njaa. Akampenda binti mmoja wa Duga. Tukatafuta mshenga, wazee wakapeleka barua, na Jumamosi moja baada ya Alasiri wakarudi na jibu: wamekubali, mahari imetajwa na si ya kutuumiza, imebaki kupanga siku. Mama mkubwa akapiga vigelegele mpaka majirani wakatoka nje. Mdogo wangu akampitia kila mzee akimshika mkono, anacheka, kanzu imemkaa (niliishona mimi, acha nijisifu kidogo). Magharibi akaniomba elfu tano ya vocha. Isha ilipoadhiniwa hakuwepo.

Tulimpata siku kadhaa baadaye upande wa reli. Kanzu ilishauzwa.

Maelezo hayakukosekana. Mama mkubwa alisema katupiwa jini na watu waliomtaka yule binti. Baba mdogo alisema hana shukrani. Mafundi wenzake wakasema alikuwa akituigizia muda wote. Jambo ambalo hakuna aliyeweza kulieleza ni kwa nini siku ile. Wakati alipokosa kazi hakurudi. Alipoibiwa simu na vifaa vyake vyote vya ufundi hakurudi. Alirudi siku aliyoambiwa "tumekukubali".

Nikaenda kwa mnasihi wa kliniki, yule anayewashauri walioathirika na unga na familia zao, mama wa makamo anayeongea taratibu. Nilitegemea ataniuliza nani kampa, au pesa alitoa wapi. Akaniuliza: "Alipokuwa mdogo, akishtuka usiku, alikuwa anamwendea nani?" Nikafungua mdomo nijibu, nikaona sina wa kumtaja.

Baba yetu alikuwa kuli bandarini, na mkonge ndio uliokuwa ukiilisha bandari ile. Mwaka 1964 nchi hii ilitoa karibu tani 230,000 za mkonge, nyingi zikitoka mashamba ya huku kwetu. Nilipozaliwa mimi, mwanzoni mwa miaka ya 1980, hazikufika hata nusu ya hizo, na zikaendelea kushuka. Siku za kazi za baba zikapungua, za gongo zikaongezeka. Yaliyokuwa yakitokea usiku siyaandiki. Aliyelelewa kwenye nyumba ya vyumba viwili anajua kwamba mtoto hahitaji kuchungulia ili ajue.

Nilikuwa na miaka tisa, na yeye hajafika sita, mama alipoamua kwenda Mombasa kutafuta maisha. Mimi nikapelekwa Pangani kwa bibi. Yeye akapelekwa Muheza kwa mjomba, kwa hoja kwamba bibi ni mtu mzima, hatamweza mtoto wa kiume.

Jinsi mama alivyoondoka ndivyo wengi wetu tulivyoondokewa, na ndivyo wengi wetu tunavyoondoka. Alimwambia, "Nakwenda sokoni, nitakuletea kashata." Akambembeleza mpaka akalala, akamfunika khanga aliyokuwa amejifunga mwenyewe ili mtoto asikie harufu yake asishtuke, akatokea mlango wa uani. Watu wazima waliokuwepo wakamsifu kwa akili yake. Tukimuaga atalia, ndivyo tusemavyo, na kweli angelia. Mtoto alipoamka hakulia. Bibi alinisimulia kwamba alikwenda kukaa kizingitini, khanga mabegani, akangoja kashata mpaka giza likaingia. Kesho yake akakaa tena. Siku ya tatu akaacha, akaenda kucheza na wenzake. Wakubwa wakasema: mmeona, kazoea.

Huyu aliyezoea sasa ana miaka arobaini, na akiona mtu anapanga nguo begini, hata kama ni mgeni wa siku mbili anarudi kwake, usiku ule halali.

Muheza alikaa mpaka mke wa mjomba alipojifungua, nyumba ikawa ndogo. Akapelekwa Korogwe kwa mama mkubwa. Mume wa mama mkubwa akahamishwa kazi, mtoto akapelekwa Temeke kwa baba mdogo, ambako alilala koridoni na kupigwa kwa waya wa umeme. Alama ziko mgongoni mpaka leo. Halafu akarudishwa Tanga kwa baba, ambaye kwa wakati huo alikuwa ameoa mke mwingine. Kila safari aliambiwa anakwenda kusalimia tu. Nguo zake zilikaa kwenye mfuko wa rambo, na anasema ilifika mahali akawa hazitoi tena mfukoni.

Bibi yangu wa Pangani hakuwa malaika, msije mkadhani. Alikuwa na fimbo ya mpera na ulimi mkali kuliko hiyo fimbo. Lakini nikiota vibaya niliingia kitandani kwake, naye alisogea kunipa nafasi bila hata kuamka. Akiwa na msiba ng'ambo, Bweni, aliniambia mchana kweupe: mimi nakwenda, wewe utabaki kwa mama fulani, narudi Alhamisi. Nikilia aliniacha nilie. Alhamisi nilikuwa pantoni tangu asubuhi, na jioni alishuka, na kikapu chake kichwani. Baada ya mara kadhaa sikwenda tena pantoni kumngojea. Nilijua atarudi, nikaendelea na kombolela yangu.

Mama mmoja, baba mmoja, kelele zile zile za usiku. Watu huniambia mimi nina msimamo na yeye hana. Msimamo nimeutoa wapi kama si pale pantoni?

Yaliyobaki nimeyajua kwa yule mnasihi na kwa kusoma mwenyewe usiku nikishafunga fremu. Lililonishangaza kwanza ni kwamba moja ya tafiti za mwanzo kabisa za namna mtoto anavyomshikilia mlezi wake ilifanyika kwa jirani zetu. Mary Ainsworth, mwanasaikolojia aliyekulia Canada na aliyekuwa amefanya kazi London na John Bowlby, daktari wa akili aliyechunguza watoto waliotenganishwa na mama zao, alifika Uganda mwaka 1954, akawa anazitembelea familia 26 katika vijiji vya karibu na Kampala, nyumba kwa nyumba, akiwatazama watoto wachanga na mama zao. Aliwaona watoto wanaotambaa kwenda kuchunguza vitu, kisha wanarudi kwa mama kidogo, kisha wanakwenda tena. Akaona na wengine wanaolia hata wakiwa wamebebwa. Na akaona kwamba wale mama walioweza kumweleza mtoto wao kwa undani, anapenda nini, anakasirishwa na nini, ndio waliokuwa na watoto waliotulia.

Baadaye alikwenda Baltimore, Marekani, akaendelea na kazi hiyo. Huko alieleza kundi jingine la watoto: mama akitoka hawalii, na akirudi wanageuza uso wanaendelea na michezo kana kwamba hawakumhitaji. Ukiwatazama utasema ni watoto wapole wasio na shida. Watafiti waliomfuata wakawapima mapigo ya moyo, wakakuta yanakwenda mbio. Nilipofika hapo niliinuka nikaenda jikoni kunywa maji. Mtoto wa kizingitini, siku ya tatu.

Halafu kuna utafiti mkubwa unaotajwa kila mahali, ulioongozwa na madaktari Vincent Felitti na Robert Anda, San Diego, Marekani, ukaanza kuchapishwa mwaka 1998. Watu zaidi ya 17,000 waliulizwa yaliyowapata kabla ya kutimiza miaka 18: kupigwa, kutukanwa na kudhalilishwa, kuingiliwa, kutelekezwa kimwili, kutelekezwa kihisia, kumwona mama akipigwa, kuishi na mlevi, kuishi na mwenye ugonjwa wa akili, wazazi kuachana, ndugu wa nyumbani kufungwa jela. Orodha ilipokamilika ilikuwa na mambo 10. Aliyepitia manne au zaidi, akilinganishwa na asiyepitia hata moja, hatari yake ya kuingia kwenye ulevi, dawa za kulevya, sonona na kujaribu kujiua ilikuwa mara 4 hadi 12. Na hawakuwa watu wa vijiweni. Wengi walikuwa watu wa kazi zao, wenye bima ya afya.

Nilijaza orodha ile kwa niaba yangu, kisha tukaijaza yake pamoja. Hesabu zetu hazikuachana sana. Kwa hiyo hesabu ile peke yake haitoshi kueleza kwa nini mimi niko kwenye cherehani na yeye alikuwa relini. Na nina neno langu kwao: kufiwa na mzazi hakumo katika yale 10, wala kuhamishwahamishwa kutoka nyumba hii hadi ile. Dodoso la Shirika la Afya Duniani lililokuja baadaye liliongeza kufiwa na mambo kama vurugu za mitaani, maana walijua dunia yote si San Diego. Ila hesabu yoyote ya namna hii inauliza ulifanyiwa nini. Haiulizi ulikuwa na nani. Mimi naona hilo la pili lina uzito zaidi, na hapo nabishana hata na mnasihi wangu.

Sasa unga unaingia wapi. Kuna mtafiti aliyeitwa Jaak Panksepp, ambaye miaka ya 1970 na wenzake waliwachunguza watoto wa mbwa na vifaranga waliotengwa na mama zao. Kiumbe mdogo akitengwa hulia. Walipowapa mofini kidogo sana, kipimo kisichowalaza, kilio kilipungua. Na heroini, ndio huo unga wetu, ikishaingia mwilini hugeuzwa kuwa mofini. Mwili wenyewe unatengeneza dawa za jamii hiyo, na inaonekana ni miongoni mwa zinazotuliza mtoto anapobebwa na mtu wake. Kwa hiyo ukiwa ni mtu ambaye dawa hiyo ya kuzaliwa nayo haikupata wa kuiamsha mara kwa mara, halafu ukiwa na miaka kumi na saba mtu akakupa kokteli, bangi iliyochanganywa na unga, pembeni ya uwanja wa mpira, unapata nini?

Nilimuuliza. Nilitarajia ataniambia raha, stimu, mambo ya vijana. Alisema, "Nilihisi nimefunikwa, dada. Basi."

Watu wengi wanaogopa arosto, yale mateso ya kuukosa unga, na wana haki: maumivu ya mifupa, kuhara, jasho la baridi, makamasi, kutolala. Lakini makali ya arosto hupungua ndani ya wiki moja au zaidi kidogo. Kama tatizo lingekuwa hilo tu, kila aliyemaliza mwezi soba haus angekuwa amemaliza kazi. Kinachobaki baada ya arosto ni mwili uliojifunza utotoni kwamba hatari iko karibu. Mtoto aliyekulia kwenye hofu, mfumo wake wa kushtuka huwaka upesi na huchelewa kuzimika. Mwenzake akisemwa na bosi anakasirika, anakunywa chai, yanaisha. Mdogo wangu akisemwa na bosi, mwili wake uko Temeke koridoni. Na anaijua dawa moja isiyokosea.

Hayo ya siku mbaya yanaeleweka kirahisi. Ya siku nzuri ndiyo yaliyonichukua muda. Alinieleza mwenyewe, miezi mingi baada ya posa kuvunjika (ilivunjika, ndiyo, na siwalaumu wazazi wa binti, hata mimi ningekataa). Tulikuwa tunafumua suruali za shule dukani, mikono ina kazi, macho yako chini, na ndio wakati pekee anaoongea. Akasema: "Walipoitikia tu, nikaanza kuhesabu siku atakayoniacha. Moyo ukawa unakwenda, siwezi kukaa. Nikaona bora nimalize mwenyewe."

Nimeisikia habari hiyo hiyo kwa sura nyingine kwa wazazi na dada tunaokutana pale kliniki. Mmoja alirudia wiki mama yake aliporudi kutoka Arabuni. Mwingine aliachiwa funguo za duka, kuonyeshwa kwamba sasa anaaminika, na jioni ile ile duka likabaki wazi hana habari nalo. Familia inasema: tulimpa kila kitu! Ndiyo. Mtu ambaye kila aliyemshika alimwachia, ukimshika hafurahi kama unavyofurahi wewe. Anaanza kungoja. Kungoja kunamchosha kuliko kuachwa kwenyewe, na kwenye unga hakuna kungoja.

Mnisome vizuri hapa. Sisemi msimpende wala msimpe nafasi. Nasema siku ya furaha ni siku ya kukaa naye karibu kama ilivyo siku ya msiba. Tulimwekea ulinzi wiki aliyoibiwa vifaa. Siku ya posa tulimwachia aende kununua vocha.

Sasa methadoni, dawa ya kunywa wanayopewa watu badala ya unga. Muhimbili ndio walioanza, Februari 2011, na kwa miaka mingi mtu wa Tanga aliyeitaka ilibidi ahamie Dar es Salaam, maana dawa ilinywewa kila siku mbele ya muuguzi, hukuweza kupewa chupa ya mwezi uondoke nayo. Baadaye huduma ikafika mikoani, na Tanga ikapata yake. Inashika sehemu zile zile za ubongo ambazo heroini hushika, ila polepole, na hukaa siku nzima, hivyo arosto haiji na mtu anaweza kwenda kazini. Najua wapo wanaosema ni kubadilisha unga kwa unga wa serikali. Hawajamwona mtu wao akirudi nyumbani saa tatu asubuhi akiwa na mkate mkononi.

Mimi nina mawazo yangu kuhusu dirisha lile la kliniki wanaponywea dawa, na hayamo kwenye maandishi ya madaktari niliyosoma. Naamini dawa inafanya kazi yake, na dirisha linafanya ya kwake. Muuguzi yule yule, saa ile ile, anamwita kwa jina, anamtazama anywe, anamwambia "kesho". Na kesho yupo. Usipokwenda siku mbili unapigiwa simu. Mtu aliyeahidiwa kashata mwaka 1990 anakwenda kila asubuhi mahali ambapo ahadi inatimizwa, hata kama ni kikombe kidogo cha dawa chungu. Mwanzoni alikuwa anakwenda na hasemi neno. Siku hizi ananipa habari za watoto wa muuguzi.

Kinyume chake nimekiona pia. Kabla ya methadoni alipitia nyumba moja ya upataji nafuu, siitaji ni wapi, ambako aliyekosea alinyolewa upara, akavalishwa kibao shingoni, akasimamishwa uani wenzake wamtukane. Walisema ni kuvunja kiburi. Kiburi gani? Na wageni walikatazwa miezi ya mwanzo yote, ili mtu atulie. Ipo mantiki ya kumtenga mtu na vijiwe vyake. Lakini mtu ambaye jeraha lake ni kuachwa kwa watu wasiomtaka, ukimtibu kwa kumwacha kwa watu wanaomtukana, unategemea nini? Zipo nyumba nzuri, zinazoendeshwa na watu walioacha wenyewe na wenye huruma, na nawaheshimu kwa sababu wanafanya kazi hiyo bila fungu la maana. Mkienda kuchagua, msiulize ada tu. Ulizeni mtu akikosea anafanywa nini.

Mwaka juzi baba alifariki. Tulizika Alhamisi, na Ijumaa usiku mdogo wangu alivuta kete moja ya unga. Nayajua haya kwa sababu Jumamosi asubuhi alisimama mlangoni kwangu akaniambia, na kabla yangu alikuwa ameshampigia mwenzake wa kikundi na kumweleza muuguzi dirishani. Zamani kete moja ilikuwa miezi mitatu kijiweni. Alan Marlatt wa Chuo Kikuu cha Washington, Seattle, aliyefanya kazi kubwa juu ya kurudia, alitenganisha kuteleza na kurudi kabisa. Kinachomvuta mtu kutoka kwenye la kwanza kwenda la pili, alionyesha, mara nyingi ni anachojiambia baada ya kete ile: nimeshaharibu, mimi ndivyo nilivyo, basi tena. Na mtoto aliyeambiwa kwa waya wa umeme kwamba ni takataka, maneno hayo hayatafuti, yako tayari mdomoni. Jumamosi ile nilimpa chai na mihogo. Sikumhubiria. Akala, akaenda kuziba pancha za watu.

Hapo naomba niweke jambo la uhai, kwa sababu kuna familia mtaani kwetu ilizika kwa kutolijua. Mtu aliyekaa wiki au miezi bila unga, mwili wake umesahau kipimo cha zamani. Akirudia na kuvuta au kujidunga kiasi alichozoea, pumzi inaweza kusimama. Hatari kubwa zaidi ni zile wiki za mwanzo baada ya kutoka soba haus au jela. Ukimkuta amelala haamshiki, anakoroma vibaya au midomo imebadilika rangi, usiseme mwache alale ulevi umtoke. Mlaze ubavu, piga kelele upate usafiri, mpelekeni hospitali saa hiyo hiyo na mseme ukweli ametumia nini.

Sasa, wapo watakaosema nakashifu malezi yetu ya ndugu. Mimi nimelelewa na bibi! Bila desturi hiyo ningekuwa wapi? Mtoto wa Kiswahili kukulia kwa shangazi au kwa mama mdogo si msiba, ni utajiri, na Wazungu walioandika kana kwamba mama ni mmoja tu duniani wangekaa Pangani mwezi mmoja wangeona. Ninachokataa ni mtoto kupokezanwa kama jembe la kuazima. Wiki iliyopita mteja mmoja, mama wa mtoto wa miaka sita, alikuja kupima gauni akaniambia anakwenda Dar es Salaam kwenye kazi za ndani na mtoto atabaki kwa dada yake Maramba. Akasema atamtoroka usiku, maana hawezi kustahimili kilio chake. Nilimwambia: mwambie mchana. Nenda naye Maramba kwanza, mlale huko hata siku mbili, aone utakapomwacha na aone kitanda chake. Mwambie utapiga simu siku gani, na siku hiyo upige hata kama huna la kusema. Akilia, alie. Na dada yako huyo akichoka naye, arudi kwako, asipelekwe nyumba ya tatu. Sijui atafanya lipi. Gauni alilipenda.

Mama yetu, kwa wanaouliza, yuko hai, anaishi Mombasa. Haya yote anayajua, tumezungumza, na si mtu mbaya. Alikuwa na miaka ishirini na sita, amechoka kupigwa, na alifanya alichofundishwa kwamba ndiyo huruma. Alitoka kwa mlango wa uani akilia khanga mdomoni, bibi alimwona.

Mdogo wangu ameyasoma haya yote jana kwenye simu yangu, amekaa kwenye kigoda cha wateja. Amenifutisha sehemu mbili, hamtaziona. Na hakubaliani nami. Anasema nimemfanya kama mtoto yatima wa hadithi, kwamba kijiweni alikaa na watoto wa matajiri wa Raskazone waliolala na mama zao kila usiku na wakala unga kuliko yeye. Anasema nikiwapa mateja habari ya utoto wataifanya kisingizio. "Na mimi ningeipata habari hiyo wakati ule ningeitumia kukuombea hela." Nikamwambia, lakini ni kweli au si kweli? Akasema ni kweli. Ila niandike pia kwamba kete yake ya kwanza alipewa bure, na aliyempa alikuwa anajua anachofanya, na mtu huyo leo ana nyumba mbili Sahare. Nimeandika.